Waitaliano Wana Bacalà, Sisi Tuna Mbuta Mkavu. Mbona Wao Wajivune, Sisi Tufiche?

Wacha nianze na ile sentensi itawakasirisha wengine wenu. Chakula ambacho watu wa Vicenza, kule kaskazini mwa Italia, wanajivunia kuliko vyote ni samaki mkavu na ugali.

Hujasoma vibaya. Samaki aliyekaushwa mpaka akawa mgumu kama kuni, akalowekwa, akapikwa na vitunguu na maziwa, akawekwa kando ya ugali wa mahindi. Samaki wanamwita bacalà. Ugali wanauita polenta. Kuna watu wanapanda ndege kwenda kula hiyo kitu, wanapiga picha, wanaweka filta, wanaandika maneno matamu chini yake.

Sasa njoo hapa Busia. Soko letu lina mbuta wa kukaushwa, ngege waliopasuliwa katikati, kamongo wa moshi, fulu, na omena kwa magunia. Na bado mgeni akitoka Nairobi, nyumba nzima inakimbizana kutafuta kuku. Samaki mkavu anarudishwa stoo, mfuniko unabanwa, madirisha yanafunguliwa harufu itoke. Mgeni akishapanda gari, ndio tunakula chakula chetu kwa amani.

Msimamo wangu ni huu: hiyo aibu ni ya bure, na inatugharimu. Inagusa mifuko ya mama zetu pale mpakani, na inapoteza ujuzi ambao ukienda haurudi. Tulia nikueleze.

Bacalà ilifikaje Italia

Mwaka 1431, mfanyabiashara wa Venice anayeitwa Pietro Querini alitoka kisiwa cha Krete na meli imebeba mvinyo, akielekea Flanders, upande wa Ubelgiji ya leo. Dhoruba ikawatandika, meli ikapotea, wengi wakafa. Januari 1432 wachache waliobaki walifika Røst, kisiwa kidogo cha Lofoten huko Norway. Wavuvi wa huko waliwaokoa na kuwalisha. Querini akaona jinsi wale watu wanavyotundika samaki kwenye miti, wakaachia upepo na baridi vifanye kazi bila hata punje ya chumvi. Alipopata njia ya kurudi kwao, habari za huyo samaki zikaenda naye.

Sehemu nyingi za Italia, ukisema baccalà unamaanisha samaki wa chumvi. Vicenza wao wanatumia huyu wa upepo, lakini wamemng'ang'ania na jina lile lile, na wanaliandika kwa c moja, kama kwamba wanakwambia: huyu ni wetu, tuachie.

Angalia vizuri hapo. Samaki ni wa Norway, mpaka leo anatoka huko. Mahindi nayo yalitoka Amerika, baada ya Columbus kuvuka bahari mwaka 1492. Yaani hiyo "sahani ya jadi" imeunganishwa kutoka pembe mbili za dunia. Na hakuna Mvicenza anayeomba msamaha kwa hilo.

Nalisema mapema kwa sababu kuna msee lazima aniambie mbuta sio samaki wetu wa jadi. Ni kweli, mbuta aliletwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960. Mahindi pia yaliletwa. Muhogo pia, vile vile kutoka Amerika. Wenyeji halisi kwenye sufuria yetu ni mtama na wimbi, ndio maana ule ugali wa kahawia, wa muhogo na mtama, una stori ndefu kuliko huu mweupe wa pakiti. Lakini kama bacalà imekuwa ya Vicenza, basi mbuta mkavu ni wa Busia. Chakula kinakuwa cha watu wanaokipika kila siku na kukitetea.

Jikoni tunafanana kuliko unavyodhani

Kule wanamponda samaki kwanza, halafu wanamloweka siku mbili hadi tatu kwenye maji baridi, maji yakibadilishwa kila baada ya saa nne. Kukhu yako analoweka samaki wa chumvi na kumwaga maji ya kwanza, ya pili, pengine ya tatu. Hakuna aliyemfundisha kutoka Italia.

Kule wanakaanga vitunguu polepole, nusu kilo kwa kilo moja ya samaki, halafu wanaweka maziwa. Upande huu wa magharibi, samaki mkavu na maziwa ni jambo la kawaida kabisa. Tofauti ni kwamba wao wanamwaga mafuta ya zeituni kama lita moja nzima kwa kilo ya samaki. Hapo wametushinda, na kwa bei ya mafuta siku hizi waendelee tu kutushinda.

Kule sufuria inakaa kwenye moto mdogo karibu saa nne na nusu, na kuna sheria moja: hukorogi. Unashika chombo, unakizungusha taratibu, ili samaki asivunjike. Si ndio hiyo hiyo unaambiwa ukiwa mdogo, "wacha mwiko, tingisha sufuria"?

Na polenta? Unga wa mahindi kwenye maji yanayochemka, unasonga mpaka mkono uchoke. Kuna ya manjano na kuna nyeupe, na upande wa Venice ile nyeupe wanapenda kuila na samaki. Ikibaki, inakatwa vipande na kuchomwa kesho yake. Kiporo cha ugali kilichochomwa juu ya jiko, buda, na hapo hoteli imekiwekea jina na bei.

Hata bacalà yenyewe wanasema ni tamu zaidi ikikaa mpaka siku ya pili. Waitaliano wamegundua kiporo. Hongera kwao.

Kilikuwa chakula cha watu wa chini

Usidhani polenta ilizaliwa kwenye kitambaa cheupe. Karne za 18 na 19, maskini wa kaskazini mwa Italia walikuwa wanakula polenta asubuhi, mchana na usiku, bila kitoweo cha maana. Wakaanza kuugua ugonjwa unaoitwa pellagra: ngozi inachubuka, tumbo linaharisha, akili inavurugika, halafu kifo. Sababu yake ni ukosefu wa vitamini iitwayo niasini. Mahindi yanayo, lakini mwili hauipati ukiyapika hivi hivi. Watu wa Amerika ya kale walikuwa wanachemsha mahindi na chokaa, na hiyo ndiyo iliyowaokoa. Mbegu ilivuka bahari, mapishi yakaachwa nyuma.

Hii nimeileta kwa sababu mbili. Kwanza, samaki kando ya ugali sio mapambo. Anakuletea protini na hiyo niasini. Anayekula ugali na omena amekula vizuri kuliko anayekula ugali na supu ya mchemsho wa jana, hata kama wa pili amekaa kwenye meza ya vioo.

Pili, hao watu walikuwa na kila sababu ya kuichukia polenta. Wangesema "hicho chakula kilitutesa" na kuhamia kwa kitu kingine. Badala yake, mwaka 1987 wenyeji wa Sandrigo, mji mdogo karibu na Vicenza, waliunda chama kizima cha kulinda bacalà. Wakaandika mapishi rasmi, na kila Septemba kuna tamasha lake. Wageni wanafika, hoteli zinajaa, na Norway inauza samaki.

Usifikirie pia ni Wazungu tu. Samaki yule yule mkavu wa Norway anapendwa sana Nigeria. Wanamwita okporoko na wanampika kwenye supu za kuliwa na vyakula vya kusonga, kama ugali wetu. Hutasikia Mnaijeria akiomba radhi kwa harufu.

Aibu yetu inalipwa na nani?

Twende mpakani sasa.

Ukisimama Busia asubuhi utaona nani anabeba huu mji. Wanawake na mabeseni, boda na magunia, watu wanaoishi na ulemavu wakivusha mizigo kwa baiskeli zao za magurudumu matatu. Samaki wanatoka kwetu Sio Port na Port Victoria, wengine wanatoka upande wa Uganda. Omena yetu, wao wanaiita mukene. Ndugu ni wale wale: Wasamia wako pande zote mbili, Wateso pia. Hata mpaka wenyewe ulihamishwa. Mpaka mwaka 1902 eneo hili lote lilihesabiwa kuwa la Uganda.

Mwaka 2018 marais wa nchi hizi mbili walizindua kituo cha pamoja cha mpakani hapa Busia, ili watu wakaguliwe mara moja tu. Na kuna utaratibu wa Afrika Mashariki kwa wafanyabiashara wadogo: mzigo wa bidhaa zetu usiozidi dola 2,000 unapewa cheti rahisi cha asili na haulipiwi ushuru wa forodha. Kwa karatasi, mama wa samaki ana haki zake zote. Kwa ukweli, wengi bado wanapita njia za panya, kwa sababu hakuna aliyewaeleza, ama wamechoka kuzungushwa.

Aibu inaingia wapi hapo? Inaingia kwa bei. Kitu ambacho wanunuzi wake wenyewe wanakiita chakula cha shida, hakuna mtu atakilipia vizuri. Bei ikiwa chini, mama hana pesa za kujenga kichanja cha kukaushia, anamwaga omena kwenye mchanga. Omena ikiwa na mchanga, wewe unasema "si unaona, hii ni takataka", na bei inashuka tena. Huo mzunguko tunauzungusha wenyewe, halafu tunamlaumu yeye.

Angalia mbuta pia. Minofu inakatwa viwandani na kupelekwa ng'ambo, Ulaya ikiwemo. Kinachobaki ni kichwa na mifupa, na sisi tukakipa jina lenye ucheshi mchungu: mgongo wazi. Watu wa Obunga kule Kisumu wamejenga biashara nzima juu ya hiyo mifupa. Wakongo nao wananunua mbuta wa chumvi kutoka ziwani kwetu kwa magunia, wanamla na fufu bila wasiwasi. Kila mtu anajua thamani ya huyu samaki, isipokuwa kijana wa Burumba anayetaka chipo.

Na Malaba? Malaba ndio inaniuma zaidi. Pale kuna foleni ya trela usiku na mchana. Madereva Wakenya, Waganda, Wanyarwanda, Wakongo, Watanzania, wote wamekaa wakingoja karatasi, wote wana njaa. Ni wateja ambao mtu wa Sandrigo angewatamani. Lakini hesabu vibao: chipsi, pilau, nyama choma, chapo madondo. Ni mara ngapi umeona kibao kimeandikwa kwa rangi kubwa, "Hapa kuna samaki mkavu wa njugu na ugali wa muhogo, chakula cha Wateso, karibu"? Yupo mama anayekipika, najua. Anakipika nyuma, kwa wanaomjua.

Najua komenti zenu, wacha nizijibu

"Inanuka." Ndio, inanuka. Bacalà ikilowekwa siku tatu ndani ya nyumba unadhani inatoa harufu ya waridi? Jibini ghali nazo zinanuka. Harufu ni kitu unafundishwa kuipenda ama kuichukia, na sisi tulifundishwa kuichukia shuleni, na wenzetu waliokuwa wanafunika pua mtu akileta omena kwa kontena yake.

"Chumvi nyingi, presha." Hii ni hoja ya maana, siipuuzi. Mzee mwenye presha asilishwe samaki wa chumvi kila siku. Loweka, mwaga maji, rudia, na usiongeze chumvi yoyote. Ama nunua wa jua au wa moshi, ambaye hajawekwa chumvi. Lakini wewe unayeniambia hivyo ukiwa na soseji mkononi, tuheshimiane.

"Ina mchanga, imekaushiwa chini." Kweli pia, na hapa sitatetea mtu. Samaki akaushwe kwenye kichanja kilichoinuliwa, kwa wavu safi, mbali na kuku na mbwa. Walofoten wanatundika juu ya miti. Sisi tuna jua ambalo wao hawana, tunashindwaje? Uliza kabla ya kununua, na ukipata mama anayekausha juu, muongezee bei bila kulia. Unga nao usiwe na uvundo, kwa sababu sumu ya kuvu ipo. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu hiyo, na magari yakakwama mpakani. Mahindi yasiyokaushwa vizuri ni hatari, yawe ya upande gani.

"Hicho ni chakula cha ocha." Na Sandrigo ni wapi, Dubai? Ni ocha ya Italia, manze. Wamekaa kwao na dunia inawafuata.

Sasa pika

Sitaki posti hii iishie kwa maneno. Jumamosi fanya hivi.

Nunua mbuta mkavu wa chumvi, kipande kinene. Osha, loweka kwa maji baridi usiku kucha, badilisha maji mara tatu, na onja kipande kidogo baada ya kukichemsha. Kikiwa bado ni chumvi tupu, loweka tena. Kama samaki ni wa jua au moshi bila chumvi, usimwache usiku kwenye hili joto letu. Saa moja kwa maji ya uvuguvugu inatosha.

Toa miba mikubwa, kata vipande. Kaanga vitunguu vingi kwa moto mdogo, vingi kuliko unavyofikiri ni sawa, mpaka vilainike bila kuungua. Panga samaki juu. Mimina maziwa mpaka yamfunike, funika, weka jiko la makaa lenye moto wa kubembeleza. Usikoroge. Tingisha sufuria kila baada ya muda. Mbuta hahitaji saa nne na nusu kama yule wa Norway, lakini mpe zaidi ya saa moja. Maziwa yatapungua yawe mchuzi mzito. Kama ni siku ya njugu, acha maziwa, weka njugu zilizosagwa, chakula kinahamia Malaba.

Ugali songa wa muhogo na mtama. Muulize aliyekulea kipimo, kwa sababu hakiko kwa mtandao, kiko mkononi mwake. Hapo ndipo ninaposema ujuzi unapotea: Vicenza wamekaa chini wakaandika kila kitu, mpaka idadi ya saa za kuloweka. Sisi mapishi ya kukhu hatujayaandika hata kwa karatasi ya unga. Mrekodi akipika. Simu unayo, data unanunua kila siku kutazama mtu wa mbali akikata parachichi.

Na mgeni akija, weka hiyo sahani mbele, kwenye sahani nzuri, na umwambie jina lake bila kucheka na bila kusema "samahani, leo hatuna kitu". Akikataa, kuku yupo, hatujafukuza mtu. Akikubali, ataenda Nairobi na stori, na mwezi ujao atakuulizia unaweza kumtumia kilo ngapi kwa basi la usiku. Hapo mama wa mpakani amepata mteja, na huyo mteja ametoka kwako.

Kwa hivyo niambieni huku chini: kwenu samaki mkavu anapikwa na maziwa, njugu ama nyanya? Na nani Malaba ako tayari kuwa wa kwanza kuandika hicho kibao? Akiandika, mimi nakuja kula na kamera, na bili nalipa mwenyewe.